Waya, transista na jiko la wali: shajara ya mradi wa maada iliyosongamana

Februari 1, 2025: Swali lililoanzisha kazi

Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita, kidato cha tatu. Nilikuwa nimemaliza kuandika fomula ubaoni, shaba upande huu na raba upande ule, ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Madam, atomu moja ya shaba ina ukinzani kiasi gani?"

Nilimwomba anipe hadi kesho yake. Usiku nikaona jibu ni fupi kuliko nilivyodhani: haina. Atomu moja ya shaba haina ukinzani, haina ule wekundu wa shaba tunaoujua, wala haina kiwango cha kuyeyuka. Kuyeyuka ni kuachiana, na aliye peke yake hana wa kuachiana naye. Sifa hizi huzaliwa pale atomu zinapokuwa nyingi na zimebanana, kila moja ikimsikia jirani yake.

Fizikia inayochunguza mambo haya nimeiita hapa fizikia ya maada iliyosongamana. Nilianza na "iliyogandamana", nikaiacha, kwa sababu kuganda humpeleka msomaji kwenye barafu tu, na vimiminika navyo vimo. Zamani tawi hili liliitwa fizikia ya yabisi. Mwaka 1967 Philip Anderson na Volker Heine walibadilisha jina la kundi lao kule Cambridge, na mwaka 1978 kitengo husika cha Chama cha Fizikia cha Marekani kikafuata. Mwaka 1972 Anderson huyohuyo aliandika kwamba hata ukizijua sheria zote za chembe moja moja, bado hujajua kundi kubwa la chembe hizo litafanya nini. Kundi lina tabia zake, na tabia hizo zinahitaji uchunguzi wake.

Klabu yetu ya sayansi imekubali kuionyesha hoja hiyo kwa vitu vitatu vinavyopatikana Mbeya: waya wa shaba, transista (kidude cha elektroniki chenye miguu mitatu kinachoongoza mkondo wa umeme), na jiko la umeme la kupikia wali. Nitaandika kila hatua na gharama yake, pamoja na palipotukwamisha, ili mwalimu mwingine akitaka kurudia asianguke tulipoanguka sisi.

Februari 8: Waya wa shaba, jaribio la kwanza

Nilikwenda kwa fundi anayesuka mota. "Fundi, naomba waya mwembamba kabisa, mita arobaini." Akauliza ni mota ya nini. Nikamwambia si mota, ni kipimo cha joto. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kuufungua kutoka kwenye gurudumu akipima kwa mkono, na mwisho akaniongezea kipande. Sh 3,000.

Unene wa waya tuliupata kwa kuuzungusha mara kumi kwenye penseli, mizunguko imegusana, na kuweka rula: milimita 2 na ushee. Kwa hiyo waya mmoja pamoja na vanishi yake ni kama milimita 0.2. Mita arobaini za shaba ya unene huo zinapaswa kutoa ukinzani wa kama omu 21 kwenye joto la chumba. Tuliuzungushia waya wote kwenye kipande cha bomba la plastiki, tukakwangua ncha kwa wembe, tukauunganisha na multimita, kifaa cha kupimia umeme (Sh 28,000, ndiyo iliyomeza pesa nyingi kuliko vyote).

Mpango ulikuwa kupima kwenye barafu inayoyeyuka, nyuzi 0, na kwenye maji yanayochemka, nyuzi 100, kisha kuchora mstari na kuurefusha kushoto hadi ukinzani ufike sifuri. Kwa shaba, mstari huo unajulikana kugonga sifuri karibu na nyuzi 234.5 chini ya sifuri. Mafundi wa transfoma hutumia namba hiyo kila siku.

Barafu: omu 20.2. Maji yanayochemka: omu 28.1. Mstari wetu ukagonga sifuri kwenye nyuzi 256 chini ya sifuri. Tumekosea kwa zaidi ya nyuzi ishirini. Tulirudia, ikawa vilevile. Barafu Sh 1,000, na siku ikaisha.

Februari 15: Makosa mawili yaliyojificha

La kwanza lilionekana upesi. Tuligusanisha ncha mbili za multimita zenyewe, bila waya wa shaba. Skrini ikasoma 0.5. Nusu omu nzima ni ya nyaya za mita, na tulikuwa tunaihesabia shaba. Atakayerudia kazi hii aanze hapa: gusanisha ncha, andika namba, itoe kwenye kila kipimo. Namba zetu zikawa 19.7 na 27.6. Mstari ukasogea hadi nyuzi 249 chini ya sifuri. Bado.

La pili lilikuwa mbele ya macho yetu wiki nzima. Kipimajoto cha shule, kile cha kioo chenye spiriti nyekundu, kilikuwa kinasoma 94 ndani ya maji yaliyokuwa yakitokota kwa nguvu. Nilikuwa nimekitoa na kukiweka pembeni nikisema ni kibovu, kisha nikaandika 100 kama kitabu kinavyosema. Leo mvulana mmoja aliyekulia Kyela akasema, bila hata kufikiria fizikia, kwamba kwao maharage huiva upesi kuliko huku, na mama yake hulalamika kila akija kumtembelea.

Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Hewa huku ni nyepesi zaidi, inayakandamiza maji kidogo, na molekuli za maji zinaachana mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi moja. Kwetu ni karibu na 94.4. Kipimajoto kilikuwa kizima. (Barafu haikutusumbua, kwa sababu kiwango cha kuyeyuka hakitikiswi na mwinuko kwa namna ya kuonekana.)

Tukaweka 94.4 mahali pa 100. Mstari ukagonga sifuri kwenye nyuzi 235 chini ya sifuri. Darasa lilipiga makofi. Niliwaambia wasilewe: multimita yetu inaishia kwenye sehemu moja ya kumi ya omu, na kosa la 0.1 tu linausogeza mstari kwa nyuzi tatu. Tumefika jirani, na kwa vifaa hivi jirani panatosha.

Hapa palibaki jambo lililonilazimu kusahihisha nilichofundisha miaka yote. Nimekuwa nikisema elektroni zinagongana na atomu njiani, na huo ndio ukinzani. Mwaka 1928 Felix Bloch alionyesha kwamba elektroni, kwa kuwa ni wimbi pia, hupita katikati ya atomu zilizojipanga kikamilifu bila kuzuiwa. Kinachoizuia ni kuvurugika kwa mpangilio: atomu zinazotikisika kwa joto, na kasoro za hapa na pale, kama atomu ya kigeni au safu iliyokatika.

Tulitoka nje. Wanafunzi arobaini wakasimama kama mstarini asubuhi, safu kwa safu, nafasi ya mkono mmoja kati yao. Mwenzao akakimbia katikati, akatokea upande wa pili bila kugusa mtu. Kisha nikawaambia wayumbeyumbe papo hapo kushoto na kulia. Aligongwa mara sita. Mfano huu una mipaka, mtu si wimbi, lakini tangu leo hakuna aliyeniuliza tena kwa nini shaba ya moto inakinza zaidi.

Machi 1: Transista, na mshumaa uliotuangusha

Shaba ikipata joto hukinza zaidi. Mwaka 1833 Michael Faraday aliona kinyume chake kwenye salfaidi ya fedha: ikipata joto, umeme ukapita kwa urahisi zaidi. Ilichukua karibu miaka mia moja kueleweka. Katika vitu vya aina hii, tunavyoviita nusu-vipitishi, elektroni nyingi zimefungwa kazini zikizishikanisha atomu. Ili itembee, elektroni lazima iruke pengo la nishati. Joto ndilo linalozirusha baadhi.

Pengo hilo nalo si la atomu moja. Atomu ya silikoni iliyo peke yake ina ngazi zake za nishati, nyembamba kama vipandio. Zikisongamana atomu nyingi mno, vipandio hivyo hutanuka na kuwa sakafu pana, na kati ya sakafu na sakafu hubaki uwazi. Tulitaka kuupima uwazi huo kwa transista ya Sh 300, ambayo imetengenezwa kwa silikoni.

Sakiti ni hii: chaja ya zamani ya simu ya volti 5, rezista ya kilo-omu 47 (Sh 100), kisha transista ya BC547 yenye miguu ya besi na kolekta imeunganishwa pamoja, na emita ikirudi kwenye hasi ya chaja. Mkondo unaopita ni kama moja ya kumi ya miliampia, mdogo vya kutosha usiipashe joto transista yenyewe. Unapima volti kati ya miguu ya transista huku ukibadilisha joto. Volti zinashuka joto likipanda. Ukiurefusha mstari hadi sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri, volti unazozikuta hapo ziko karibu na ukubwa wa pengo la silikoni.

Tulichovya transista kwenye maji kama ilivyo. Kwenye barafu ilionekana kutulia. Kwenye maji ya moto namba zilicheza kati ya volti 0.44 na 0.47, hazikukaa. Maji ya bomba hupitisha umeme kidogo, na mkondo wetu ulikuwa mdogo kiasi kwamba sehemu yake kubwa ilikatiza kwenye maji na kuiacha transista. Joto likipanda, maji hupitisha zaidi, kwa hiyo kosa lilikua pamoja na kipimo.

Nikawasha mshumaa (Sh 500) na kuifunika miguu kwa nta. Barafu: 0.682. Maji ya chumba, nyuzi 24: 0.632. Safi kabisa, tukapandisha. Kwenye nyuzi 55 hivi nta ikaanza kung'aa, ikalainika, kufika 60 ikajivua kutoka kwenye miguu na kupanda juu ya maji kama jicho la mafuta kwenye mchuzi. Namba zikaanza kucheza tena. Tumefanya mradi wa maada inayobadili hali, tukasahau kwamba nta nayo ni maada. Nilisimamisha kazi hapo.

Machi 15: Transista imekubali

Suluhisho ni gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili inayokauka kuwa ngumu kama jiwe. Sh 3,000. Tulizipaka transista zote tatu (Sh 900 jumla) na kuziacha siku nzima. Barafu nyingine Sh 1,000.

Volti 0.682 kwenye nyuzi 0. Volti 0.632 kwenye nyuzi 24. Volti 0.484 kwenye nyuzi 94.4. Nukta tatu zikakaa kwenye mstari mmoja, mteremko wa milivolti 2.1 kwa kila nyuzi. Tukaurefusha mstari kwenye karatasi ya grafu, ikabidi tugundishe karatasi ya pili upande wa kushoto. Kwenye sifuri kamili ulifika volti 1.25.

Pengo la silikoni kwenye sifuri kamili ni elektronivolti 1.17 (elektronivolti moja ni nishati ya elektroni iliyosukumwa na volti moja, kwa hiyo namba zinalinganishika), na kwenye joto la kawaida ni 1.12. Tumezidisha kidogo. Kosa safari hii si la vifaa. Mstari wa kweli hujipinda kadiri unavyoelekea kwenye baridi kali, na sisi tumeurefusha kama umenyooka. Kuona mpindo huo kunahitaji baridi ambayo friji haitoi. Nimeliandika hilo pembeni.

Wanafunzi walitaka kujua nani aliyetengeneza kitu hiki kwanza. Transista ya kwanza ilifanya kazi Desemba 1947 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa John Bardeen na Walter Brattain, kundi likiongozwa na William Shockley. Ilitumia gemani, ambayo pengo lake ni dogo kuliko la silikoni. Wote watatu walipata Nobeli mwaka 1956.

Machi 29: Jiko la wali, siku mbaya kuliko zote

Fundi wa vifaa vya umeme aliniuzia raisikuka mbovu kwa Sh 5,000. Lililokuwa limeungua ni koili. Sehemu tuliyoitaka ilikuwa nzima: kile kidude cha duara katikati ya sahani ya joto, kinachobonyea ukiweka chungu.

Kifungue uone. Juu kuna kipande cha feraiti, aina ya seramiki yenye chuma ndani yake, rangi ya mkaa, kikubwa kama sarafu nene. Chini yake kuna sumaku ya kudumu, na kati yao springi inayotaka kuwatenganisha. Ukibonyeza swichi unaipandisha sumaku ikanase feraiti, na umeme unawaka. Chungu kikiwa na maji, sahani haiwezi kupata joto sana kupita kiwango cha kuchemka, maana joto lote linaishia kugeuza maji kuwa mvuke. Wali ukishayanywa maji yote, joto la chini linaruka. Feraiti ikifika kiwango fulani inaacha kuvutwa na sumaku, springi inashinda, na unasikia *tak!* Wali umeiva. Hakuna saa wala kompyuta ndani.

Kiwango hicho kinaitwa halijoto ya Curie, kwa heshima ya Pierre Curie aliyeyachunguza mambo haya katika tasnifu yake ya mwaka 1895. Kwa chuma ni nyuzi 770. Feraiti ya jiko la wali huchanganywa makusudi ili ikome juu kidogo ya 100. Ndiyo maana jiko lilelile linapika Dar es Salaam na linapika Mbeya: maji huku yanachemka mapema, lakini feraiti haijali mwinuko, inasubiri joto lake.

Tulitaka kuipima. Kipande kining'inie kwa waya wa shaba ndani ya mafuta ya kupikia (Sh 4,000), sumaku ikivute kutoka nje ya chombo, na sisi tuangalie ni joto gani kitaacha kuvutwa na kuning'inia wima.

Chombo cha kwanza kilikuwa kopo la maziwa ya unga. Sumaku ikang'ang'ania kopo lenyewe. Ni bati la chuma. Tukahamia sufuria ndogo ya aluminiamu.

Sumaku ilikuwa ya neodimia, niliyoitoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Ina nguvu ajabu ikiwa baridi. Mafuta yalipofika nyuzi 88 kipande kikaanguka. Tukaandika 88 kwa furaha. Tulipoacha yapoe, kipande hakikuinuka tena, hata kwenye nyuzi 40. Msichana wa lile swali la kwanza akaitoa sumaku, akaijaribu kwenye pini, akasema, "Madam, sumaku ndiyo imechoka." Alikuwa sahihi. Neodimia ya kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja ikipita nyuzi 80 hivi, nayo ilikuwa imegusa sufuria ya moto muda wote. Tulikuwa tumepima udhaifu wa sumaku, feraiti hatujaigusa.

Kisha jiko la mkaa. Nilitoka nje kwa dakika chache kuitikia wito, mkaa ukakolea, na mkaa haupunguzwi kama gesi. Kipimajoto cha shule mwisho wake ni 110. Niliporudi spiriti ilikuwa imefika juu kabisa, na kabla sijakishika, tumba likapasuka ndani ya mafuta. Hakuna aliyeumia. Kila mtu alikuwa na miwani na tulikuwa na mfuniko tayari. Lakini kosa ni langu kwa kuacha mafuta ya moto bila mtu mzima, na nimeliandika kama kanuni ukutani: mafuta yakiwa motoni, mwalimu haondoki, hata aitwe na nani. Kipimajoto kipya Sh 7,000.

Aprili 12: Jiko la wali limesema

Mabadiliko matatu. Sumaku mpya ni ya spika ya redio kuukuu, Sh 2,000. Ni feraiti ngumu, haina nguvu kama neodimia lakini nyuzi mia na kitu haziitishi. Joto tunalisoma kwa ule waya wa kupimia joto uliokuja na multimita. Ulisoma 95 kwenye maji yanayochemka, tukauamini. Na sufuria ya mafuta tumeikalisha ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa chini yake. Mchanga unapokea joto taratibu na kuliachia taratibu. Tulipanda nyuzi moja kwa dakika, kama unavyookea keki ya kienyeji.

Kipande kilivutwa pembeni bila kutikisika hadi 96 hivi. Kisha kikaanza kulegea. Hakikuanguka ghafla. Kilirudi polepole, pembe ikipungua, kama mtu anayeachia mkono kidole kwa kidole, na kufika 105 kilikuwa kimening'inia wima. Tulipoacha yapoe, kilianza kuvutwa tena kwenye 103. Tulirudia mara tatu: kupanda 105, 104, 105, kushuka 103, 103, 102. Tofauti ya kupanda na kushuka nadhani inatokana na kipande kuchelewa nyuma ya mafuta, kwa kuwa tulipopunguza mwendo zaidi mara ya mwisho ilipungua.

Kule kulegea polepole ndiko nilikotaka wakuone. Ndani ya feraiti kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo, na jirani humlazimisha jirani waelekee upande unaokubaliana naye. Joto huwavuruga. Mmoja akigeuka, wa pembeni anapata sababu ya kugeuka. Karibu na kiwango cha Curie makubaliano yanasambaratika kwa haraka, na juu yake kila atomu bado ni sumaku ileile, haijapungua chochote. Kilichokwisha ni makubaliano tu.

Hadi hapa jumla ni Sh 55,500. Kati ya hizo, 7,500 zimeliwa na mshumaa na kipimajoto.

Mei 10: Baridi ya ng'ombe

Lile nililoliandika pembeni lilipata jibu mahali ambapo sikutafuta. Mzazi mmoja anafuga ng'ombe wa maziwa, akataja mtaalamu wa uhimilishaji anayekuja na mtungi unaofuka moshi. Mbegu za madume huhifadhiwa ndani ya naitrojeni oevu. Nilimpigia. Alikubali kutupatia lita mbili kwa Sh 10,000, mwenyewe akaja nayo na glavu zake, akasimama nasi hadi mwisho. Bila yeye nisingefanya, na nawaomba wengine msifanye bila mtu kama yeye.

Kanuni alizotupa: madirisha yote wazi, kwa sababu naitrojeni ikifuka huifukuza hewa ya kupumua, chupa ya chai isifungwe kifuniko kamwe, italipuka, na asiyevaa miwani na glavu asikaribie.

Naitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Safari hii hatukusahau mwinuko, tukaiandika 197.

Koili ya shaba ilishuka kwanza. Naitrojeni ilichachamaa kama mafuta yaliyotupiwa kitunguu, kisha ikanyamaza. Mstari wetu wa Februari ulikuwa umetabiri omu 3.2. Baada ya kutoa nusu omu ya nyaya tulisoma 2.6. Shaba imeshuka chini ya mstari. Kwenye baridi hii mitikisiko mingi ya atomu imekufa, na inakufa kwa kasi kuliko mstari ulionyooka unavyodai. Ungeendelea kushuka zaidi, shaba isingefika sifuri: zile kasoro za mpangilio hazipoi, na ukinzani wake unabaki pale pale.

Transista ya kwanza tuliitumbukiza kwa haraka. Tulisikia mlio mdogo, na skrini ikapoteza namba. Gundi ilikuwa imepasuka na kuvunja mguu pamoja nayo. Ya pili tuliishikilia juu ya mdomo wa chupa kwenye moshi dakika tano, kisha tukaishusha kidole kwa kidole. Volti 1.05. Mstari ulionyooka ulitaka karibu 1.10. Huo hapo mpindo tulioukosa Machi: nukta mpya imekaa chini ya mstari, na ukiunganisha nukta zote kwa mkono, mchoro unainama kuelekea 1.17 na kuiacha ile 1.25 yetu juu.

Walipokuwa wanachora niliwasimulia Leiden, Uholanzi, Aprili 1911. Heike Kamerlingh Onnes alikuwa ndiye aliyeweza kuifanya heli kuwa kimiminika, tangu Julai 1908, na kwa baridi hiyo alipima ukinzani wa zebaki. Ilipofika nyuzi 4.2 juu ya sifuri kamili, ukinzani ulitoweka. Haukupungua, ulitoweka. Maelezo yalipatikana mwaka 1957 kutoka kwa Bardeen, yule wa transista, pamoja na Leon Cooper na Robert Schrieffer: elektroni hushikana mbili mbili, na jozi zote hutembea kama kitu kimoja ambacho kasoro za njiani haziwezi kukitawanya. Bardeen akapata Nobeli ya fizikia mara ya pili, mwaka 1972, na hakuna mwingine aliyewahi kupata mbili za fizikia. Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller walifungua mlango wa seramiki zinazofanya hivyo kwenye joto la juu zaidi, na mwaka uliofuata ikapatikana moja, ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, inayofanya hivyo kwenye nyuzi 93 juu ya sifuri kamili. Naitrojeni ya ng'ombe inatosha kabisa kuifikisha. Kipande chake kidogo ndicho tunachokichangia sasa. Jumla ya matumizi imefika Sh 65,500 na sanduku la klabu lina Sh 12,000.

Naitrojeni iliyobaki tuliimwaga nje kwenye mchanga, ikatembea kama moshi wa ubani na kuisha. Msichana wa swali la kwanza alibaki na koili. Aliitundika dirishani ikiwa na barafu nyeupe ya umande ulioganda, akaunganisha multimita, na kila dakika akaandika: 2.9, 4.4, 7.0, 10.3. Tulipofunga maabara ilikuwa 21.2, na maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye waya hadi kwenye daftari lake.